Kumpokea Mhariri Mpya wa Makala ya Tiba: Thika na Ruiru

Kamusi elezo ya tiba inayoandikwa kwa ushirikiano kwenye intaneti huendeshwa na watu wanaojitolea. Haina mshahara wala mkubwa wa kugawa kazi kila asubuhi, na mwenye simu na bando anaweza kubonyeza neno "Hariri" akaanza papo hapo. Mfano mkubwa kuliko yote ni makala ya tiba ya Wikipedia. Uchunguzi wa daktari wa Kanada James Heilman na mwenzake Andrew West, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba katika mwaka 2013 pekee makala hayo, yaliyomo katika lugha zaidi ya 250, yalifunguliwa zaidi ya mara bilioni 4. Wahariri walioyashughulikia kwa bidii hawakufika 300 duniani kote, na idadi yao ilikuwa imepungua katika miaka mitano iliyotangulia. Karibu nusu yao walikuwa wahudumu wa afya. Wasomaji wakiwa wengi hivyo na wahariri wachache hivyo, mapokezi ya mhariri mpya ni sehemu ya kazi yenyewe, sawa na kuandika na kusahihisha.

Katika Kiswahili uhaba huu unaonekana kwa macho. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, lakini magonjwa kadhaa yanayowasumbua watu kila siku bado yana makala ya mistari michache tu, chini yake pakiwa na alama ya "mbegu", yaani makala yanayosubiri mtu wa kuyakuza. Mama wa mtaa wa Kiandutu, Thika, anayetafuta habari za kuharisha kwa mtoto usiku wa manane hukuta maelezo marefu ya Kiingereza, au maelezo mafupi ya Kiswahili, au tangazo la mtu anayeuza dawa.

Juhudi za kuziba pengo hilo zimewahi kufanywa, na zimeacha mafunzo. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Zawadi zilikuwa nzuri, na mamia ya makala yakaongezeka katika muda mfupi. Shindano lilipokwisha mapema mwaka 2010, washindani wengi hawakurudi, na wahariri wenyeji wachache wakaachiwa kazi ya kupanga, kusahihisha na kutafuta vyanzo. Njia nyingine ilijaribiwa mwaka 2012, shirika la Translators without Borders lilipofungua kituo cha kufunza wafasiri jijini Nairobi. Kwa ushirikiano na wahariri wa tiba wa Wikipedia, makala ya magonjwa muhimu yaliboreshwa kwanza kwa Kiingereza, yakarahisishwa, kisha yakafasiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine. Hapa mfasiri hakuachwa peke yake: alikuwa na mwalimu, alikuwa na makala yaliyokwisha kukaguliwa, na alijua nani atasoma kazi yake kabla haijatoka. Zawadi iliwaleta watu wengi kwa siku chache. Mafunzo na ukaguzi viliwapa watu wachache ujuzi wa kudumu, na makala ya tiba yanauhitaji ujuzi huo kuliko wingi wa majina.

Ukanda wa barabara ya Thika una watu wa aina hiyo kwa wingi. Mjini Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya na tawi la chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC. Juja, katikati ya Thika na Ruiru, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech. Hospitali ya Thika Level 5 na ile ya Ruiru Level 4 hupokea wagonjwa kutoka mashambani, viwandani na kwenye mitaa inayopanuka kila mwaka. Humo wamo wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia, watu wa maabara na wanafunzi wanaofuata nyayo zao. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, ila vitabu vya udaktari bado ni vya Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa uuguzi hufanya kazi ya ufasiri kila siku bila kuiita hivyo: husoma faili la mgonjwa kwa Kiingereza, kisha humgeukia mzee aliyeketi kitandani akamweleza kwa Kiswahili au Kikuyu kwamba presha yake iko juu, na kwamba dawa hazikatizwi hata akijisikia nafuu. Ustadi huo ndio unaotakiwa kwenye makala.

Nafasi haiishii kwa watu wa hospitali. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili hunyoosha sentensi iliyopinda. Mkutubi hujua jinsi ya kupata jarida linalolipiwa. Programu ya HINARI, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, hufungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ya Kenya ilizindua kazi yao upya Septemba 2023 wakiwa zaidi ya 100,000 nchi nzima, hujua maswali ambayo watu huuliza wakiwa nyumbani kwao. Fundi wa simu wa mtaa wa Makongeni, Thika, aliyeona tarakimu iliyokosewa ana haki ileile ya kuirekebisha. Cheo hakimpi mtu kura ya ziada, na profesa asiye na chanzo huombwa chanzo kama mtu mwingine yeyote.

Mapokezi huanza na akaunti. Kuhariri bila akaunti kunawezekana, lakini mwenye akaunti hupata ukurasa wa majadiliano ambako anaweza kusalimiwa, kuulizwa na kujibiwa. Jina la mtumiaji lisiwe jina la zahanati, duka la dawa wala kampuni, kwa sababu akaunti ni ya mtu mmoja. Wanaoandaa mafunzo chuoni wanapaswa kujua jambo moja ambalo limeharibu asubuhi nyingi: mfumo huruhusu akaunti chache tu kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Watu thelathini wakijiandikisha kwa pamoja kupitia Wi-Fi ya chuo, wa kwanza hufaulu na waliosalia hukataliwa bila kuelewa kosa lao. Dawa yake ni kila mmoja kufungua akaunti siku moja kabla kwa bando lake, au waandaaji kuomba ruhusa mapema.

Hatua ya pili ni salamu. Mgeni huwekewa ujumbe wa kawaida wa kumkaribisha, wenye viungo vya kanuni na misaada. Ujumbe huo unafaa, lakini unaofanya kazi zaidi ni mstari mmoja ulioandikwa na mtu aliyesoma kile mgeni alichofanya. Kwa mfano: "Karibu. Nimeona umerekebisha jina la chanjo kwenye makala ya pepopunda. Chanzo ulichoweka kinafaa, kimebaki mwaka wa kuchapishwa tu." Maneno hayo machache humwambia mgeni kwamba ameonekana, kwamba kazi yake imepimwa, na kwamba kuna hatua inayofuata. Tangu mwaka 2018 Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, imekuwa ikitengeneza ukurasa maalumu wa wageni wenye orodha ya kazi rahisi na jina la mlezi wa kuulizwa. Nyenzo hiyo husaidia pale tu mlezi anapojibu.

Hatua ya tatu ni kazi ya kuanzia, nayo inapaswa kuwa ndogo na ya kweli: kusahihisha tahajia, kuweka kiungo, kuongeza tanbihi kwenye sentensi isiyo na chanzo, au kubadilisha takwimu iliyopitwa na wakati. Makala ya Ukimwi, saratani au chanjo ni marefu, yana mabishano mengi na yanaangaliwa na watu wengi. Mgeni akianzia hapo, hariri yake ya kwanza huenda ikafutwa kabla hajamaliza chai. Akianza na makala mafupi kuhusu ugonjwa anaoufahamu, hujifunza kanuni zote kwa utulivu.

Funza ni mfano mwafaka kwa mtu wa Kiambu au Murang'a. Mgeni aliyekulia huko ameona watoto wakichechemea kwenda shuleni, na ameona pini moja ikitumika kwa miguu ya nyumba nzima. Anafungua makala akaandika kwamba funza huletwa na uchafu na uvivu. Hapo ndipo mwenyeji mzuri huonekana. Hamfokei, humwomba chanzo, na wakitafuta pamoja hupata maelezo yaliyo sahihi na yasiyomdhalilisha mgonjwa. Funza, ambaye wengine humwita tekenya, ni kiroboto mdogo, Tunga penetrans. Jike, lenye urefu wa kama milimita moja, hujichimbia ndani ya ngozi, hasa ya miguu, likavimba kwa mayai na kufa baada ya wiki 4 hadi 6. Asili yake ni Amerika. Aliripotiwa kufika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amevuka bara hadi Afrika Mashariki. Hustawi penye sakafu za udongo, mchanga mkavu na wanyama wanaoambukizwa, na huwaandama wasio na viatu, wazee na walemavu wasioweza kuikagua miguu yao. Mambo hayo yote yana vyanzo, na neno "uvivu" halina hata kimoja.

Mgeni huyohuyo sasa anataka kuandika matibabu. Amepata utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa vijijini nchini Kenya kwa watoto wasiofika 50, ambamo mguu mmoja wa kila mtoto ulipakwa mafuta ya dimetikoni na mwingine ukachovywa kwenye maji ya potasiamu pamanganeti. Dimetikoni iliua funza wengi zaidi. Anaandika: "Dimetikoni huponya funza." Kwenye makala ya historia au michezo chanzo kama hicho kingetosha. Kwenye tiba hakitoshi, na hapa pana kanuni ambayo kila mhariri mpya lazima aielewe mapema. Utafiti mmoja, hata uliofanywa vizuri, unaweza kupingwa na unaofuata. Kwa hiyo makala ya tiba hujengwa juu ya mapitio yanayokusanya na kupima tafiti nyingi, kama yale ya shirika la Cochrane, ambalo limeshirikiana na Wikipedia tangu mwaka 2014, juu ya miongozo ya Shirika la Afya Duniani na wizara za afya, na juu ya vitabu vya kiada vya karibuni. Utafiti mmoja ukitajwa, hutajwa kwa kipimo chake: nani walitibiwa, wangapi, wapi, na nini kilionekana. Mwenyeji anayemweleza mgeni hivyo, kisha akamwonyesha mapitio ya kutafuta, amempa chombo atakachokitumia kwenye kila makala atakayoyagusa.

Tarakimu zinahitaji uangalifu wa peke yake. Maji ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha, pale pakiti ya ORS inapokosekana, hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazishwa. Mhariri aliyechoka akibadilisha nafasi ya "6" na "nusu", sentensi itabaki nzuri kwa sarufi na itakuwa hatari kwa mtoto, kwa sababu chumvi nyingi humdhuru mtu aliyekwisha kupungukiwa na maji. Kwa hiyo mgeni hufundishwa tangu mwanzo kwamba tarakimu husomwa mara mbili, mara ya pili kutoka kwenye chanzo na si kutoka kichwani. Kwa sababu hiyohiyo desturi ya makala ya dawa ni kueleza dawa inatibu nini, inafanyaje kazi na ina madhara gani, bila kuorodhesha dozi. Dozi hutegemea umri, uzito, figo na dawa nyingine anazomeza mgonjwa, na mtu wa kuyapima hayo ni mhudumu aliye mbele yake.

Lugha ya makala nayo hufundishwa. Sentensi ya kwanza inapaswa kueleweka na mtu aliyeishia darasa la nane. Shinikizo la damu huitwa hivyo kwenye kichwa cha makala, na neno "presha" hutajwa mara moja, kwa kuwa ndilo watu wanaloandika wakitafuta. Mgeni mwenye haraka huvutwa na tafsiri ya mashine. Inaweza kumpunguzia uchapaji, lakini inaweza pia kugeuza uchungu wa kuzaa kuwa kazi ya kibarua na choo cha mgonjwa kuwa kigoda. Kila sentensi iliyotoka kwenye mashine husomwa na mtu kando ya makala ya asili, na asiyekuwa na muda wa kuisoma hana muda wa kuichapisha.

Yako mambo yanayokatazwa kabisa, na ni heri mgeni ayasikie siku ya kwanza kuliko kuyagundua kwa kufutiwa kazi. Kamusi elezo haimwambii msomaji mmojammoja afanye nini na ugonjwa wake. Swali la aina hiyo kwenye ukurasa wa majadiliano hujibiwa kwa kumwelekeza mtu hospitalini. Maandishi ya vitabu na ya miongozo yenye hakimiliki hayanakiliwi. Hueleweka, kisha yakaandikwa upya kwa maneno mengine na chanzo kutajwa. Anayelipwa kuhariri, iwe na zahanati au na muuzaji wa vidonge vya lishe, lazima atangaze hivyo, kama masharti ya Wikimedia yanavyodai tangu mwaka 2014. Kisha zipo picha. Mwanafunzi aliye kwenye wadi ana simu mfukoni, na kidonda asichowahi kukiona kitabuni kiko mbele yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na kanuni za hospitali na za taaluma zinamlinda mgonjwa vivyo hivyo. Picha isiyo na idhini ya mgonjwa aliyeelewa itakwenda wapi, na isiyo na ruhusa ya hospitali, haipandishwi, hata kama uso hauonekani.

Masharti mengi namna hii yanaweza kumfukuza mtu, na ushahidi upo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 na Aaron Halfaker na wenzake ulieleza kwamba wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walifika kilele mwaka 2007, kisha wakaanza kupungua. Sababu kubwa ilikuwa ukali uliokua dhidi ya wageni: kazi za watu wenye nia njema zilifutwa upesi, mara nyingi kwa programu za kusaidia kufuta, bila neno la maelezo. Wikipedia ina kanuni ya zamani inayowaambia wenyeji wasiwang'ate wageni. Kwenye tiba kanuni hiyo haiwezi kumaanisha kuacha kosa la hatari libaki hadi mgeni atakapojifunza. Maandishi ya hatari huondolewa mara moja. Yanabaki kwenye historia ya ukurasa, ambako yeyote anaweza kuyaona na kuyarudisha yakishapata chanzo. Mwenyeji huandika sababu kwa Kiswahili cha kawaida, bila vifupisho vya wenye mji, kisha hurudisha sehemu yoyote ya kazi iliyo sahihi. Mtu aliyeandika aya tano, nne nzuri na moja mbovu, hupaswa kukuta nne mahali pake na maelezo ya ile moja.

Mazingira ya mgeni nayo huzingatiwa. Wengi wa Thika na Ruiru wanahariri kwa simu, wakiwa kwenye matatu au baada ya zamu, na bando likiisha kazi isiyohifadhiwa hupotea. Hufaa washughulikie sehemu moja ya makala kwa wakati mmoja na kuhifadhi mara kwa mara. Wanafunzi hutoweka majira ya mitihani na ya mafunzo ya wadini, na kimya hicho kisichukuliwe kuwa wameacha. Wanaporudi baada ya miezi miwili, ukurasa wao wa majadiliano uwe bado una jibu la swali waliloliuliza mwisho. Wanaokutana ana kwa ana, hata watu wanne tu kwenye meza moja ya maktaba, husomeana makala kwa sauti, na kosa ambalo jicho limelipita sikio hulikamata.

Mafanikio ya mapokezi hayapimwi kwa idadi ya waliojiandikisha siku ya uzinduzi. Hupimwa kwa wanaorudi baada ya mwezi, kwa vyanzo wanavyoweka, na kwa makala yaliyotoka kwenye hali ya mbegu. Kipimo cha mwisho huja siku ambayo muuguzi aliyekaribishwa mwaka jana anaandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa mwenyeji wake kwamba aya fulani imepitwa na wakati, na kuweka mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani kama chanzo. Mwenyeji akiusoma mwongozo huo, akashukuru na kuibadilisha aya, muuguzi huyo ameshakuwa mhariri kamili, na anaweza kukabidhiwa mgeni wa kumlea.